Kopo la Kwenye Ilungu

Mtu akiniuliza habari za ule mchezo wa simu, huwa namfukuza. Lakini wewe umekaa, chai umekunywa, na umeuliza kwa adabu. Basi nitakueleza, ila usinikatize na usinionee huruma. Huruma za watu nimeshachoka nazo.

Jina langu Bertilla, wengi wananiita Mama Josefina. Nakaa huku mwisho wa Malangali, hapa Sumbawanga, nyumba zinapokwisha na mashamba yanapoanza. Shamba langu linashuka hadi mtoni. Jirani yangu upande wa magharibi ni Alois, shemeji yangu, mdogo wake marehemu mume wangu Rafaeli. Baba yao alipowagawia shamba hakupanda mnyaa wala hakuchimbia jiwe. Aliwapeleka wote wawili kwenye ilungu akasema, huku ni kwa Rafaeli, huku ni kwa Alois. Ilungu ni lile tanuru la udongo ambalo wazee wetu Wafipa waliyeyushia chuma. La kwetu lilikuwa limebaki kisiki, kimo cha kifua changu, lina matundu chini kulizunguka na nyasi zimeota juu. Hapakuwa na alama nyingine. Mtaa mzima ulijua mpaka wa Alois na Rafaeli ni ilungu.

Hatua saba kutoka kwenye ilungu, upande wangu, kuna kisima. Kisima hicho tulikichimba mimi na Rafaeli kiangazi kizima, yeye yuko chini anachimba, mimi niko juu navuta ndoo ya udongo na mimba ya Josefina tumboni. Hakikauki. Mwezi wa tisa, wenzangu wakigombana kwa foleni bombani, mimi namwagilia kabichi. Ninachokula kimetoka kwenye maji yale. Ada ya Josefina ilitoka humo humo, mpaka leo ana duka lake Kasesya mpakani. Na Alois anakitaka kisima kile tangu siku tuliyomzika kaka yake. Hajawahi kusema, lakini alikuwa akipita hapo anasimama, anachungulia ndani, anaguna. Mtu anagunia maji ya nini?

Mwaka jana mwezi wa sita mwenyekiti wa mtaa akaita mkutano. Akasema wapima wanakuja, kila mtu atapimiwa eneo lake apate hati, kwa hiyo majirani tuelewane mipaka mapema. Nikamtupia jicho Alois. Alikuwa anatabasamu. Alois, mtu ambaye hata harusini hukaa kama anaumwa jino!

Wiki haikuisha, vijana wakaanza kuja shambani. Leo wawili, kesho watatu, siku moja hata Mzungu mmoja mwenye mkoba mgongoni. Kila mmoja kaishika simu mbele ya uso kama anajitazama kwenye kioo. Wanakwenda hatua mbili, wanasimama, wanageuka, wanarudi nyuma. "Bado mita nne." "Hapana, njoo kushoto." Vitunguu vyangu vimeota juzi, wao wanakanyaga tu. Wakifika kwenye ilungu wanainama, wanaingiza mkono kwenye tundu, wanavuta kitu, halafu shangwe! Wanapigana picha, wanaandika andika, wanakirudisha, wanaondoka.

Nikipiga kelele wananijibu, "Poa mama, tunapita tu."

Poa! Mimi mshikaji wako?

Nikavumilia siku tano, na mimi si mtu wa kuvumilia. Siku ya sita nikamkamata mmoja koti. Nikamuuliza, nani kakupa ruhusa ya kuja hapa? Akasema, "Mwenye eneo, mama. Mzee Alois."

Nikamwachia koti. Nilisikia masikio yanavuma. Mwenye eneo! Kwa hiyo lile tabasamu la mkutanoni lilikuwa hili. Wapima wa halmashauri watakuja mwezi ujao mchana kweupe, lakini shemeji yangu ameshaleta wa kwake, wanakuja na simu, wananipimia shamba mimi nikiwatazama.

Yule kijana alipoondoka nikaenda kwenye ilungu, nikaingiza mkono kwenye lile tundu. Nikatoa kopo la maziwa ya unga, limeviringishwa mfuko wa plastiki. Ndani yake mlikuwa na shanga, kifungo, sarafu ya Zambia, kigari cha mtoto kisicho na tairi moja, penseli na kidaftari. Nikakifungua kidaftari. Ukurasa wa kwanza una namba, mistari miwili, namba ndefu zenye nukta katikati. Kurasa zilizofuata zina majina ya watu, tarehe, na mbele ya kila jina saini. Majina ishirini na kitu!

Sasa niambie wewe. Ukikuta karatasi yenye vipimo, majina na saini, imefichwa kwenye mpaka wako, na wapima wako njiani, utasema ni nini? Kwetu huku karatasi ya namna hiyo ni moja tu. Ni mashahidi wa kuuziana ardhi. Mume wangu alipouza kipande chetu cha shamba kule Izia tuliandika vivyo hivyo: kipimo juu, mashahidi chini, saini pembeni. Usinicheke.

Nikalibeba kopo hadi nyumbani, nikampigia Josefina kwa kitochi changu. Nikamwambia, baba yako mdogo ameniuza.

Josefina akasema, "Mama, usiguse kitu. Chukua hilo daftari umpelekee mwenyekiti alisome."

"Na mwenyekiti kama yumo humo ndani?"

"Umeliona jina lake?"

"Saini nyingine hazisomeki."

"Mama, nakuomba. Tulia. Kesho kutwa nakuja."

Nikakata simu. Mtoto niliyemnyonyesha ananiambia nitulie! Nilikuwa nimeinjika maharage, moto unafifia, mahindi niliyopukuchua yameniachia magunzi mabichi yasiyoshika. Nikachana kidaftari kile ukurasa mmoja mmoja, nikatia motoni. Ule wenye namba ndio ulikuwa wa kwanza. Karatasi ilikuwa kavu, iliwaka vizuri, na maharage yakaiva. Niliyala kwa raha, nakwambia ukweli.

Kesho yake nikachukua sururu. Kama alama yao ni ilungu, nilijisemea, basi alama naiondoa. Waje wapime hewa. Nikaanza kulipiga. Udongo ule ulichomwa na moto wa wazee, ni mgumu kama tofali, lakini nilikuwa na hasira za miaka tisa tangu kifo cha Rafaeli, zikanipa mikono. Siku mbili. Mabonge nikayasomba kwa karai hadi mtoni, nikayamwaga yote kwenye maji, hata kipande cha kiganja sikubakisha. Nikalima pale, nikasawazisha, nikahamishia vitunguu. Ungepita usingejua paliwahi kuwa na kitu.

Najua unachotaka kuniuliza. Wote wananiuliza. Hukuona kwamba ilungu lile ndilo lilikuwa shahidi wako? Sikuona. Nilichoona ni vidole vya watu wasiojulikana vikiingia kwenye kitu cha mume wangu. Na mahali lilipokuwa mimi napajua hata nikifumba macho, mtaa mzima unapajua, sasa hofu ya nini?

Siku ya tatu akaja msichana peke yake. Nilimfahamu: Jenifer, binti wa mwalimu Yusto wa Izia, aliyemaliza chuo Mbeya. Kashika simu, anatembea kwa ile namna yao. Akafika katikati ya vitunguu, akasimama. Akatazama simu, akatazama chini, akatazama simu tena.

"Shikamoo mama," akasema.

"Sina marahaba ya kukupa. Toka kwenye vitunguu vyangu."

"Mama, hapa palikuwa na ilungu."

"Palikuwa."

Akaweka mkono mdomoni. "Umelivunja? Mama! Lile lilikuwa hapa kabla babu zetu hawajazaliwa!"

"Lilikuwa la bibi yako?"

Akaanza kunieleza, haraka haraka. Eti ni mchezo. Duniani kote watu wanaficha vikopo, wanaweka mahali pake kwenye simu, wengine wanatafuta. Ukikipata unaandika jina lako kwenye daftari kwamba ulifika, unatia saini, unaweza kuchukua kitu ukaacha kingine. Yeye ndiye aliyeuanzisha hapa Sumbawanga, yeye na wenzake kumi na kitu. Kopo aliliweka kwenye ilungu ili wageni wajue Wafipa walikuwa wafua chuma.

"Na ruhusa ulipewa na nani?"

"Nilimkuta baba mmoja analima pale. Akasema eneo lote hili ni lake, mpaka kule kwenye mparachichi."

Mparachichi uko hatua ishirini ndani ya shamba langu! Hapo ningeweza kusikia. Msichana alikuwa ananiambia jambo zito kuhusu Alois, ananiambia bure, mbele ya watu, maana majirani walishaanza kusimama njiani, na Mzee Wilibrodi alikuwepo ameegemea fimbo yake. Lakini mimi nilisikia neno moja tu, mchezo. Watu wananikanyagia chakula, wananitia presha siku tisa, halafu ni mchezo?

Nikainua jembe. Sikutaka kumpiga, lakini niliinua.

"Futa," nikamwambia.

"Mama, kopo nitalitoa, na wenzangu nitawaambia wasije tena. Lakini nukta ya kwenye ramani tuiache. Nikiifuta hairudi. Na ilungu lenyewe halipo, hii ndiyo imebaki."

"Futa nione kwa macho yangu!"

"Mama Josefina, mwache mtoto," Mzee Wilibrodi akasema.

"Mzee, shikamoo yako nilishakupa asubuhi. Kaa kimya." Ndivyo nilivyomjibu, mzee wa miaka tisini. Nikamgeukia msichana. "Futa!"

Jenifer akanigeuzia simu. Nikaona ramani, nikaona nukta ya kijani. Akabonyeza mara moja, simu ikamuuliza kitu, akabonyeza tena, nukta ikapotea.

"Nimefuta," akasema, machozi yanamlenga. "Umeridhika?"

"Bado hujaondoka."

"Kopo langu?"

Nikaingia ndani nikalileta, nikamtupia miguuni. Akalifungua. "Daftari liko wapi?"

"Kamuulize Alois, mwenye eneo."

Akaenda zake. Majirani wakanitazama kwa jicho ambalo mpaka leo wananitazama nalo. Nikaona nimeshinda.

Wapima wakafika mwisho wa mwezi wa saba, upepo wa baridi unakata masikio. Alikuja kijana mmoja mwenye mashine ya miguu mitatu, na mwenyekiti, na kamati ya mtaa, na Mzee Wilibrodi, kwa sababu yeye peke yake ndiye aliyebaki katika waliokuwepo mashamba yakigawiwa. Josefina alikuwa amekuja na kurudi Kasesya. Hatukuagana vizuri.

Mpima akauliza, "Mpaka uko wapi?"

Alois hakusubiri. Akatembea, mikono nyuma, akapita vitunguu, akapita kisima changu, akaenda akasimama kwenye mparachichi. "Ilungu lilikuwa hapa," akasema.

Nilicheka. Nilicheka kwa nguvu, nikageuka nione wenzangu wanavyocheka. Hakuna aliyecheka.

"Lilikuwa hapa!" nikasema, nikaenda kusimama kwenye vitunguu. "Hapa, hatua saba kutoka kisimani!"

"Nani alipima hizo hatua?" Alois akauliza. "Wewe na kaka? Kaka yuko wapi aseme?"

Mpima akachokonoa chini kwa ncha ya kiatu. Mavi ya chuma, yale mabaki ya kuyeyushia, yapo, lakini yapo kila mahali, ng'ombe wa plau wameyatawanya miaka yote, kwangu na kwake na hata kwenye mparachichi. Mwenyekiti akamwita Mzee Wilibrodi.

"Mimi nilikuwepo," mzee akasema. "Mpaka ni ilungu."

"Tunajua, babu. Lilikuwa wapi?"

Akageuza uso huku na huku. Macho yake yameshaingia ukungu siku nyingi. "Lilikuwa linaonekana," akasema. "Nani alikuwa na haja ya kukumbuka?"

Mwenyekiti akauliza nani alilivunja. Wote wanajua. Nikasema ni mimi.

"Sasa muulizeni," Alois akasema, taratibu kabisa. "Kama mpaka ulikuwa unampendelea, alivunja alama ya nini?"

Nikamtukana. Sitarudia nilichosema, lakini kilimhusu yeye na aliyemzaa, na aliyemzaa ni mama mkwe wangu, Mungu anisamehe. Kamati wakanishika mikono.

Hapo mwanamke mmoja aliyekuwa njiani akapaza sauti. "Si wale vijana simu zao zilikuwa zinapajua? Muiteni Jenifer!"

Mpima akainua kichwa. "Kuna mtu ana namba za mahali pale? Kama zipo, hapana ugomvi. Hiki kifaa kitatupeleka penyewe, na tukipishana ni hatua moja mbili."

Mwenyekiti akapiga simu. Jenifer akaja kwa bodaboda, hata nusu saa haikupita. Nilimwona anashuka, na mimi huyu, niliyemuinulia jembe, nikaenda mbio kumpokea.

"Shikamoo," akasema, bila mama.

"Marahaba mwanangu, marahaba! Karibu, karibu mama."

Watu waliinamisha nyuso. Waliona haya kwa niaba yangu.

Mpima akamuuliza. Jenifer akajibu kama anayetoa ushahidi mahakamani. "Nilifuta. Alinisimamia na jembe. Nilimwambia hairudi."

"Wenzako hawana?"

"Wao wanafuata nukta tu, hakuna anayeandika namba. Nukta ikifutwa inafutika kwa wote."

"Picha?"

Akazitafuta kwenye simu, akamwonyesha. Nami nikachungulia. Nyuso. Meno, miwani, vidole viwili juu, na nyuma ya vichwa vyao udongo kidogo na nyasi. Picha ya kisima hata moja haipo. Mpima akatikisa kichwa. Alois akakohoa, akaanza kuzungumza na mwenyekiti habari za vigingi.

Mara Jenifer akasema, "Ngojeni."

Akaitia simu mfukoni.

"Namba niliziandika kwa mkono. Zimo kwenye daftari la kopo, ukurasa wa kwanza. Huwa tunaziandika hivyo, ili kopo likihamishwa na mtu asiyejua, atakayeliokota ajue pa kulirudisha." Akanitazama usoni kwa mara ya kwanza siku ile. "Mama, daftari ulilibakiza wewe. Liko wapi?"

Alois alikuwa ameacha kuzungumza. Nilimwona anameza mate. Miaka yote hii nimeishi jirani na mtu yule, na hiyo ndiyo mara pekee niliyomwona anaogopa. Ningependa ningeweza kuirefusha dakika ile.

"Mama Josefina," mwenyekiti akasema, "kalilete."

"Nilipikia maharage," nikasema.

Hakuna aliyesikia, au walijifanya. Ikanibidi niseme tena kwa sauti. "Nililichoma. Nilipikia maharage."

Jenifer akafumba macho. Mzee Wilibrodi akalitaja taratibu jina la mume wangu. Na Alois akacheka, mtu asiyejua kucheka, akacheka mpaka akashika magoti.

Kamati ikakaa kando kidogo ikarudi na neno. Kwa kuwa hapana alama wala shahidi, tugawane: nusu ya hatua ishirini kwake, nusu kwangu. Tukikataa, maeneo yetu yanarukwa, hakuna hati, na kesi inakwenda huko inakokwenda kesi. Hatua kumi kutoka kwenye ilungu, na kisima kiko hatua saba. Hata mtoto wa darasa la kwanza anajua hesabu hiyo. Alois akakubali kabla mwenyekiti hajamaliza sentensi. Mimi nilisimama mpaka mpima akatazama saa yake. Nina miaka sitini na moja, nina binti mmoja mpakani, Alois ana watoto wa kiume wanne. Nikatia saini. Jina, tarehe, saini.

Jenifer alikuja baadaye, akaleta keki kwenye mfuko, akataka kuniomba radhi. Nikamfukuza. Si kosa lake, najua vizuri kwamba si kosa lake, na ndiyo maana siwezi kumtazama.

Alois amezungushia kisima mabati, ameweka kamlango. Maji hanizuii, usije ukakosea ukasema ananizuia. Anachotaka ni nibishe hodi. Kwa hiyo kila asubuhi nasimama na ndoo yangu pale, kwenye kisima nilichovuta udongo wake nikiwa na mimba, na naita, "Hodi, shemeji." Ananisikia. Amekaa kwenye kigoda hatua tano tu kutoka pale. Ananiacha nisimame mpaka amalize chai.